Magadi Yangu na Nguo za Bwana Seifu

Jumanne, 9 Julai 1912

Nimefua tangu alfajiri. Mashati sita ya karani wa stesheni, shuka za Bwana Stesheni, mkuu wao, suruali za fundi zenye mafuta yasiyotoka hata ukiyaombea. Maji ya kisima cha mchangani yameshuka tena. Nachota kwa kibuyu, nangoja, nachota. Mikono imepasuka. Magadi ya zamani ninayofulia yameisha, nimeanza mzigo mpya uliotoka Bahi. Ni meupe zaidi. Makali zaidi pia, nadhani, maana yanawasha.

Hapa Dodoma mjini hakuna habari nyingine ila duka jipya la Bwana Seifu. Anauza nguo nyeupe, nene, inayong'aa, imebandikwa karatasi ya picha ya simba, na bei yake iko chini ya maduka yote. Wanawake wa stesheni wamejazana kama nzi kwenye maziwa. Bi Zaina hajanunua. Ni jirani yangu, Mrangi wa Kondoa, anauza asali. Anasema mtu akikupunguzia bei mno, muulize kapunguza na nini kingine. Bi Zaina hafurahi hata siku ya Idi. Mimi ningekuwa na fedha ningenunua leo hii. Niliishika. Nzito mkononi.

Yakobo, mume wangu, hajaleta habari. Reli imempeleka mbali, ng'ambo ya Tabora. Mume wa reli ni mume wa barua, na wangu hajui kuandika.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeharibu nguo ya mtu.

Binti Saidi, mke wa mnyapara wa reli, aliniletea nguo yake mpya ya Bwana Seifu. Aliivaa siku mbili tu, vumbi likaila. Niliiloweka kwa yale magadi mapya, kama kawaida. Maji yakawa meupe kama tui. Nikasema ni magadi hayo. Nikakamua, nikaanika. Ilipokauka niliinua nikaona kidole changu upande wa pili. Unene wote umekwenda. Kimebaki kitu cha kuchujia pombe.

Nimempelekea mwenyewe. Ningeweza kusema imeibiwa kwenye kamba. Sikusema. Aliishika, akanitazama, akasema, "Ruti, umeipika nguo yangu." Naona kweli nimeipika. Miaka miwili nafua hapa na haijanitokea. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi, 13 Julai

Nguo mbili tena, zote za Bwana Seifu, zote mpya. Nilipunguza magadi nusu. Mambo yale yale.

Mashati ya karani yalikuwa kwenye maji hayo hayo na hayakudhurika. Nimejiambia nguo mpya ni laini, kama ngozi ya mtoto, haivumilii. Nimemwaga mzigo wote wa magadi shimoni. Nililia kidogo, maana ulikuwa mzigo wa miezi mitatu.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani. Benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa kuliko kawaida. Mahubiri yalikuwa juu ya upendo. Nilikasirika tangu zaburi ya kwanza mpaka baraka.

Jumatano, 17 Julai

Nguo zilizoharibika zimefika saba. Karani wa stesheni ametuma mtu achukue mashati yake, hata yaliyokuwa hayajakauka. Hakuja mwenyewe. Mtu mzima, anaogopa kumtazama dobi.

Wanawake walikwenda kwanza kwa Bwana Seifu, nawapa haki yao. Yeye akawajibu mbele ya watu dukani. Nguo zangu, alisema, nimewauzia wafugaji wa Chilonwa, wa Hombolo, wa kila upande, miezi miwili sasa, tangu nikizunguka minadani kabla ya duka hili. Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Zinazokufa ni zile tu zilizopita mikononi mwa Ruti. Hesabuni wenyewe.

Wamehesabu. Mimi pia nimehesabu. Ni kweli, na ukweli huo ndio unaoniumiza. Nimewaona wafugaji hao kwa macho yangu wakipita na nguo za simba mabegani, nene kama ngozi.

Shauri ni Jumatatu barazani kwa Jumbe. Nikishindwa nitalipa nguo zote saba na nitakatazwa kufua stesheni. Mbuzi wangu ni watatu. Nitawatoa hao watatu, halafu? Kazi nyingine sina. Mama anakula kwa mikono hii. Naogopa. Sijawahi kuogopa maji, sasa nayaogopa.

Alhamisi, 18 Julai

Bwana Seifu kaja nyumbani. Mpole, ananukia vizuri, kamsalimu Mama "Shikamoo" kwa kuinama. Anasema hapendi mwanamke aaibishwe barazani. Anasema nikiri tu kwamba magadi yalikuwa mabaya, yeye atazungumza na wanawake wale, deni litasahauliwa, na tangu siku hiyo nitafua kwa sabuni ya dukani kwake. Kaniachia zawadi, doti ya nguo ile ile, mpya, na karatasi yake ya simba.

Sikuipokea. Wala sikumrudishia. Imekaa juu ya kigoda na mimi nimekaa naitazama. Kukiri ni maneno matatu tu. Nilishaamini kwamba ni kosa langu, kwa nini basi isiwe rahisi kulitamka? Bi Zaina kasikia, kanicheka kwa uchungu. "Kikulacho ki nguoni mwako, shoga, na wewe unakikunjia vizuri kigodani." Nikamwambia akauze asali yake.

Nitakiri. Nimechoka.

Ijumaa, 19 Julai

Mama kalamba nguo.

Lazima niandike vizuri maana bado nacheka. Nilirudi kuchota maji nikamkuta kainyanyua ile doti, ncha yake iko mdomoni, anainyonya na kufikiri. Mama hanunui chumvi ya Bahi bila kuilamba, kwa sababu wauzaji huchanganya udongo. Magadi huyalamba. Asali ya Bi Zaina huilamba kila mara na kila mara Bi Zaina hununa. Nikamwambia, Mama, hiyo ni nguo. Akaitoa mdomoni. "Hii ni ugali," akasema. "Ugali wa muhogo, na udongo mweupe ndani yake. Unauhisi kwenye meno." Kisha akanyoosha ile ncha mbele ya mlango. Mahali alipolowesha kwa mate palipitisha mwanga.

Nililamba na mimi. Wanga. Wanga wa muhogo, ule ule ninaoupaka kwenye kola za karani kila wiki ili zisimame. Mimi mtia wanga, na wanga umenipita mbele ya macho siku saba. Niliyaona maji meupe nikayatukana magadi yangu.

Mama aliuliza kwa nini tunanunua nguo kwa macho. Mbuzi tunampapasa mgongo, tunamfungua mdomo tuone meno, tunamkimbiza tuone kama anachechemea. Nguo tunaisifu kwa karatasi yake. Wazee wake walivaa ngozi, na ngozi walizilainisha wenyewe kwa mikono yao. Nguo imekuja imeshakunjwa, hakuna aliyetufundisha meno yake yako wapi.

Sasa nina hasira. Afadhali hasira kuliko aibu.

Jumamosi, 20 Julai

Bi Zaina kaja asubuhi, tumesuluhishana bila kusema. Tumeichana zawadi ya Bwana Seifu vipande. Kipande cha kwanza tumekiosha kwa maji ya kunywa, bila magadi, bila sabuni. Kikawa chandarua. Mchuzi mweupe ukabaki chunguni.

Lakini bado nguo za wafugaji. Hilo ndilo lilikuwa linanikaba. Bi Zaina naye alikwama. Tuliwaza mpaka jua likafika utosini, kisha akapita mwanamke mmoja anateremsha mbuzi mnadani, nguo yake nyekundu inang'aa. Nikapiga kelele mpaka akageuka.

Samli! Watu wa mashambani wakinunua nguo, siku hiyo hiyo huipaka samli na udongo mwekundu. Mimi mwenyewe nimekulia humo, bibi yangu alinukia samli mpaka alipofariki. Mafuta yanaushika wanga usitoke, udongo unaziba matundu. Na hawafui. Nguo zao hazijaguswa na maji, ndiyo maana hakuna aliyelalamika. Tunaofua ni sisi wa stesheni, na stesheni dobi ni mimi.

Tumekipaka kipande cha pili samli na udongo. Kimekuwa kigumu, kizuri, cha kudanganya. Nimekula ugali wa uwele na mlenda, sahani nzima. Nilikuwa sijala vizuri tangu Ijumaa ile.

Jumapili, 21 Julai

Benchi bado lina nafasi. Nimekaa katikati yake. Kesho.

Jumatatu, 22 Julai

Niandike yote.

Baraza lilijaa. Jumbe kwenye kiti, kanzu mpya, nyeupe, imesimama kama imekaushwa juu ya mti. Bwana Seifu kulia kwake. Binti Saidi na wanawake sita, kila mmoja na chandarua chake mkononi. Bwana Seifu alileta shahidi, mzee mmoja mfugaji, Mzee Ndahani, kavaa nguo ya simba miezi miwili, nyekundu kwa samli, nene. Watu waliishika wakaitikia kwa kichwa. Nilijiona nimekwisha.

Nilitoa vipande vyangu. Jumbe akasema vipande vilivyotengenezwa nyumbani kwangu si ushahidi, nani ajuaye nimevifanya nini. Alisema haki. Nilikuwa nimesahau hilo, mjinga mimi. Nikasimama pale na vitambaa mkononi.

Ndipo Bi Zaina, aliyekaa nyuma na vibuyu vyake, akakohoa kile kikohozi chake. Nikapata akili. Nikasema, basi nguo itoke dukani kwa Bwana Seifu sasa hivi, karatasi ikiwa juu. Maji yatoke kwenye mtungi wa Jumbe mwenyewe, anayokunywa. Na mimi nisiguse. Aoshe Binti Saidi, anayenishtaki.

Bwana Seifu alisema maji ya Dodoma yana chumvi, yanakula nguo. Jumbe alimuuliza kama maji yake yanakula matumbo ya wageni wake pia. Watu wakacheka. Nguo ikaletwa.

Binti Saidi aliosha kwa nguvu, akitaka kunishinda. Nilimwona uso ukibadilika. Maji yakawa tui. Aliinua nguo juani, na sisi sote tukamwona Jumbe kupitia nguo ile, kiti chake, ndevu zake, kila kitu. Jumbe akavuta pindo la kanzu yake taratibu, akalikunja chini ya miguu. Nikaelewa kanzu ile imetoka duka gani. Nilijiuma mdomo nisicheke.

Bwana Seifu alirudi kwa shahidi wake. Na huyu je? Nguo yake ina nini? Nikamgeukia Mzee Ndahani, nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," nikamuuliza kwa adabu: tangu uinunue, nguo hii imefuliwa mara ngapi?

Mzee alishangaa kweli. "Kufua nguo? Kwa maji yapi? Maji ni ya ng'ombe."

Baraza zima lilicheka, yeye hakucheka. Si mjinga. Aliiangalia ncha ya nguo yake, akaniangalia mimi, akaniita tuijaribu. Nikamwambia maji baridi hayatatoa samli, nahitaji maji ya moto na magadi. Yakaletwa. Aliishika ncha mwenyewe, akaichovya mwenyewe, akasugua. Mafuta yakatoka, wekundu ukatoka, wanga ukatoka. Akabaki ameshika wavu wa nyuzi chache. Kisha akamwambia Bwana Seifu maneno ambayo sitayasahau, bila kupaza sauti. "Mimi nilikupa mbuzi jike. Sikumpaka kitu."

Bwana Seifu alisema hata yeye aliuziwa hivyo pwani, marobota yamefungwa, hakujua. Labda ni kweli. Lakini asiye na kosa asingekuja kwangu na doti na ahadi ya sabuni. Nililisema hilo, kwa sauti. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imefika mwisho wake.

Jumbe kaamua. Bwana Seifu awape wanawake saba nguo nzuri, na Mzee Ndahani pia, na yeyote atakayeleta nguo ya simba, iwe ya kufuliwa au ya samli. Mimi sina kosa. Alilitamka mara mbili: Ruti hana kosa.

Nimerudi nikamwambia Mama. Akasema, "Nilijua tangu nilipolamba." Nimelia, safari hii vizuri.

Jumatano, 24 Julai

Binti Saidi kaja na unga wa uwele kichwani. Hakuomba radhi kwa maneno mengi, si mtu wa maneno. Alikaa, akanisaidia kukamua shuka. Mikono yake laini, iliwashwa na magadi, akatukana. Nilimpenda hapo.

Mashati ya karani yamerudi. Katuma mtu tena.

Jambo moja linanikera. Wafugaji walio mbali hawakuwapo barazani. Watakwenda na nguo zao mpaka mvua zije, zinyeshewe, zipasuke, na hakuna atakayewaambia kwa nini. Jumbe kasema yeyote atakayeleta. Ataletaje asiyejua?

Jumamosi, 3 Agosti

Mnadani. Tumekwenda wanne, mimi, Mama, Bi Zaina, na Binti Saidi. Tumekaa na beseni la maji mahali mbuzi wanapouzwa, kwa sababu pale watu wameshakuja na akili ya kupapasa. Mama ndiye aliyesema nao, kwa Kigogo, mimi nilionyesha. Lamba ncha. Kama ina ladha ya ugali, unanunua ugali. Ikunje, ikwangue kwa ukucha, kama unga unadondoka, usiitake. Lowesha pembe moja, sugua, inua juani. Muuzaji akikataa usiloweshe, ameshakujibu. Karatasi ya simba haivaliwi. Na ukinunua, nunua mbele ya mtu anayekujua, ili maneno ya dukani yawe na masikio mengine.

Mwanzoni walitucheka. Wazee wazima wanalamba nguo! Kisha mmoja akalamba yake mwenyewe, ya wiki iliyopita, kacheka, kasita, kaacha kucheka. Watu kumi na zaidi wamekwenda kwa Bwana Seifu mchana huo. Kawabadilishia. Uso ulikuwa kama wa mtu anayemeza mwarobaini, lakini kawabadilishia.

Muuza nguo mmoja wa upande wa pili kaweka bakuli la maji mlangoni kwake bila kuambiwa na mtu. Wateja wakaanza kwenda kwake. Mwingine akaweka. Bi Zaina alitazama akasema sasa kila mtu atataka kulamba asali yake pia. Mama akasema, walambe.

Jumanne, 13 Agosti

Nilipita dukani kwa Bwana Seifu. Bakuli lipo. Nguo ile ile ipo, imeshafuliwa, nyepesi, inauzwa kwa jina lake, bafta, kwa bei ya bafta. Karatasi za simba hakuna. Aliniona, akasita, akanikaribisha. Sikuingia, lakini niliitikia salamu. Anayetaka nyepesi anunue nyepesi akijua. Sioni ubaya.

Sijamsamehe bado. Nikijisikia, nitamsamehe. Si leo.

Alhamisi, 22 Agosti

Upepo mwingi. Nguo zimekauka kabla sijamaliza kuanika.

Saa nne hivi alikuja mwanamke nisiyemjua, kavaa samli na wekundu, na mtoto mgongoni. Mkononi alikuwa na nguo mpya iliyokunjwa. Alisema ametoka upande wa Bahi, muuzaji wa mjini kamruhusu ailete kwangu kwanza, naye kamwachia mbuzi wake rehani. Kasikia kuna Ruti wa stesheni anayejua nguo. Nilifurahi, nikanyoosha mkono niichukue. Nilishaanza kuikunjua, nikitafuta maneno ya kumwambia kama mtu mkubwa.

Nikamrudishia. Nikamsogezea maji.

Alipiga magoti, akalowesha pembe, akasugua. Alilamba, akatema. Akasugua tena. Akasimama akaiinua juani, akaitazama kwa muda, mtoto akiitazama naye juu ya bega lake. Maji yalibaki maji. Akaikunja, akaiweka kichwani, akashukuru kwa ajili ya maji, akaenda zake.

Hakuniuliza kama ni nzuri.